Tunzo na Mtunzi

Katika gari ya abiria iendayo Fuoni, kiti cha nyuma kabisa, mzee mmoja alikaa na fimbo yake baina ya magoti, na ubavuni mwake kijana aliyekuwa akisikiliza taarab kwa simu. Kijana hakuvaa vidude vya masikioni. Aliiacha sauti itoke, na gari nzima ikasikia. Ulikuwa ni wimbo wa zamani, wa udi, fidla na qanuni, uliotungiwa klabu moja ya Ng'ambo mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo sukari ilikuwa haipatikani mjini ila kwa foleni, na baadaye ukarekodiwa upya na mwimbaji mwengine. Mama aliyekaa mbele alianza kukifuatisha kiitikio kwa sauti ya chini. Utingo naye akatikisa kichwa. Ulipofika ubeti wa tatu, mzee alifumba macho kama mtu aliyetoneshwa kidonda, kisha akayafumbua na kutazama nje.

Wimbo ule aliutunga yeye.

Hapana mtu ndani ya gari aliyelijua hilo, wala yeye hakulisema. Alipoutunga, klabu ilimpa kitambaa cha kanzu na ratili nne za sukari, na kwa hesabu ya siku zile huo ulikuwa ujira wa heshima. Tangu hapo wimbo umeimbwa katika maharusi yasiyo idadi, umepigwa redioni, umenakiliwa kwenye kaseti, umesafiri hadi Maskati na London ndani ya mikoba ya jamaa, na sasa umo katika intaneti, ambako kila mwenye simu huusikiliza bila ya kutoa senti. Mzee hajapata tena hata sukari ya kikombe kimoja.

Ni wepesi kuitupia intaneti lawama zote. Wanamuziki wa mwambao, wakubwa kwa wadogo, husema siku hizi kwamba muziki umekuwa wa bure na kwamba njaa yao imeanzia hapo. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanasahau jambo moja ambalo kila aliyekulia Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa analijua bila ya kufundishwa, nalo ni kwamba wimbo wa taarab haukuwahi kuuzwa kwa msikilizaji hata hapo zamani. Ulikuwa wa bure tangu mwanzo. Kilicholipiwa kilikuwa kitu chengine.

Aliyewahi kuhudhuria usiku wa taarab anaifahamu desturi yenyewe. Mwimbaji amesimama mbele ya vyombo, ametulia, mikono haichezi sana. Ubeti unaingia. Kutoka safu za katikati anainuka mwanamke, amejitanda vizuri, noti ameishika juu kidogo ili ionekane. Haendi mbio. Anakwenda kwa madaha, anafuata dumbaki, pengine anapita kwa makusudi mbele ya meza fulani, ndipo anapofika kwa mwimbaji na kumtia noti mkononi, au kuiweka katika sahani iliyotayarishwa. Huko ndiko kutunza, na wengine husema kutuza. Mgeni akiona hudhani mama yule amependezwa na sauti. Huenda. Lakini wenyeji hutazama ni katika mshororo gani alipoinuka. Akiinuka katika ubeti wa kumsuta jirani, basi jirani yumo ukumbini. Akiinuka katika ubeti wa subira, basi kuna mume aliyesafiri au aliyeoa mke wa pili. Noti ile inasema. Mtunzaji hanunui wimbo, kwani wimbo ameshausikia na ataendelea kuusikia hata asipotoa kitu. Ananunua haki ya kuufanya mshororo ule uwe wake kwa muda wa pumzi chache, mbele ya mashahidi.

Nje ya ukumbi, madirishani, huwapo watoto, vijana wasio na kiingilio, na majirani waliotoa viti vyao barazani. Hao wote wanasikia bure. Hapana aliyewahi kuwaita wezi. Kinyume chake, klabu ambayo madirisha yake hayana watu hujua kuwa imefilisika, hata kama safu za ndani zimejaa.

Tunzo zile zilikwenda wapi? Kila kikundi na mila yake. Kwengine huingia katika mfuko wa klabu, kwengine mwimbaji hubaki nazo, kwengine hugawiwa alfajiri kwa wapigaji wote, na ugomvi wa mgawo huo umevunja vikundi vingi kuliko ugomvi wa mapenzi. Mwenye harusi naye hulipa ujira wa kuwaita wapigaji, na wageni wake huingia bila ya kulipa. Hata hivyo ni wachache walioishi kwa fedha hizo peke yake. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, ilianza kwa vijana waliojifunza vyombo kwa ajili ya kuburudishana wenyewe kwa wenyewe, na hata vizazi vilivyofuata, mpiga fidla mzuri wa usiku aliweza kuwa karani, fundi cherahani au mwalimu wa skuli wa mchana. Swali la mwanamuziki ataishi vipi mwambao ulilijibu kwa kumwambia ashike kazi nyengine. Jibu hilo si la kujivunia, lakini ndilo lililokuwapo.

Mwaka 1928 kukatokea jambo jipya. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, wakarekodi santuri kwa Kiswahili kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, aliuona utukufu wa safari ile. Kwa upande wa biashara maana yake ilikuwa kwamba sauti imetengana na mwili kwa mara ya kwanza. Siti aliweza kulala kwake Unguja na wakati huohuo akaimba Lamu. Na aliyemsikia huko Lamu hakuwa na njia ya kumtunza, hata kama ubeti umemchoma moyo.

Je, santuri iliufanya wimbo uwe bidhaa ya kulipiwa na kila msikilizaji? Hata kidogo. Kinanda cha santuri kilikuwa ghali. Mwenye mkahawa alinunua kimoja, akakiweka karibu na mlango, na mtaa mzima ukamsikia Siti kwa bei ya kikombe cha kahawa. Asiye na bei ya kahawa alisimama njiani. Katika waliojifunza kwa kumsikiliza Siti alikuwamo Fatma binti Baraka, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Bi Kidude. Alizichukua nyimbo za Siti akaziimba kwa zaidi ya nusu karne, akazifikisha Ulaya na Japani, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Hapana aliyemuuliza nyimbo zile amezipata kwa idhini ya nani. Lau angezuiwa, leo ingekuwapo santuri ya kuwekwa makumbusho na wala isingekuwapo sauti.

Kisha ikaja kaseti, nayo ilikuwa rafiki na adui kwa pamoja. Mjini Mombasa wenye maduka ya redio walirekodi waimbaji na kuuza, na mteja aliyenunua kaseti moja aliwanakilia binamu zake watano. Unguja ulipeleka kaseti tupu dukani ukarudishiwa imejaa. Waimbaji walilalamika, lakini wenye akili miongoni mwao waligundua kuwa kaseti iliyonakiliwa huenda kupiga hodi katika nyumba ambazo wao hawazijui, na kutoka nyumba hizo huja mialiko ya harusi. Kaseti ya bure iliuza usiku wa kulipiwa. Hasara yake ilikuwa kwengine: kila nakala iliongeza mvumo, na kila mvumo ulimeza herufi. Nakala ya tatu ya wimbo haina maneno yaleyale ya nakala ya kwanza. Wapenzi wa ushairi wanaelewa hasara hiyo ni kubwa kiasi gani, ingawa hapana ofisi inayopokea madai yake.

Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilianza kutaka stempu za kodi zibandikwe kwenye kazi za muziki na filamu, ili nakala halali ijulikane na ya wizi ijulikane. Nia ilikuwa njema. Ila wakati huo kitu chenyewe cha kubandikwa stempu kilikuwa kinatoweka. Vijana walikwishaanza kurushiana nyimbo kwa simu, na wimbo usio na gamba hauna pa kubandika kitu. Tokea santuri za Siti hadi CD za mwisho ni kama miaka 80 tu, na katika miaka hiyo ndimo mlimokuwa na biashara ya kuuza sauti iliyotiwa ndani ya gamba. Ukiipima na umri wa ngoma, ni muda wa kupepesa jicho. Anayesema kwamba muziki umekufa kwa kuwa magamba hayauziki amefananisha maji na mtungi.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana, na hayahitaji maneno mengi. Mwezi wa Oktoba 2007, kundi la Radiohead la Uingereza liliitoa albamu yake ya In Rainbows kwa intaneti na kumwambia kila mpenzi alipe anachotaka, hata kama ni sufuri. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalistaajabu kana kwamba kumezuka kiumbe kipya. Bibi yeyote wa Ng'ambo angeliwaambia kuwa huko ni kutunza, na kwamba wamesahau nusu yake, kwani mlipaji wa Radiohead alilipa akiwa peke yake chumbani, usiku, hapana anayemuona. Tunzo isiyoonekana ni sadaka. Sadaka ni jambo jema, lakini watu hawaitoi kwa ari ileile.

Sasa wasikilizaji wengi hawanunui wimbo wala hawaupakui. Wanausikiliza kutoka kwenye maghala ya makampuni. Spotify iliwafungulia mlango wasikilizaji wa Tanzania na Kenya mwaka 2021, na YouTube ilikuwa imekwishaingia kila nyumba. Utaratibu wa malipo katika maghala kama Spotify unafaa kuelezwa, maana hapo ndipo mwambao unapopotezwa. Ada za wasikilizaji na fedha za matangazo hukusanywa katika kapu moja, kampuni ikatoa fungu lake, na kilichobaki kikagawanywa kwa wenye nyimbo kwa kadiri ya mara zilizosikilizwa nyimbo zao miongoni mwa nyimbo zote. Tuseme kuna mwanamke wa Kizanzibari huko Maskati ambaye mwezi mzima hasikilizi kitu ila taarab ya kwao. Ada yake haiendi kwa waliompigia. Inatiwa kapuni pamoja na za mamilioni ya watu, na sehemu yake kubwa inakwenda kwa waimbaji ambao hajapata kuwasikia. Ni kama kwamba ameinuka ukumbini na noti yake, akatembea kwa madaha yote mpaka mbele ya mwimbaji, kisha pakatokea mtu akaichukua ile noti na kuipeleka kwa mwimbaji wa mji mwengine ambaye ukumbi wake ni mkubwa zaidi. Tena kuanzia mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ya wimbo ambao haukusikilizwa walau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Wimbo wa klabu ndogo ya Wete unaweza kupendwa na kila anayeujua na bado usifike huko.

Lakini desturi ya kutunza haikukubali kufa. Katika matangazo ya moja kwa moja ya TikTok, mwimbaji huimba mbele ya simu yake, na watazamaji humrushia zawadi za kununua, maua na taji na simba. Jina la mtoaji hujitokeza kiooni, na mwimbaji hulitaja huku akiimba. Wataalamu huiita hiyo mbinu mpya ya biashara. Jina linatajwa, wengine wanaona, wengine wanaona wivu na kutoa zaidi: ni ukumbi uleule, ila mwenye sahani ni kampuni na sehemu kubwa ya tunzo hubaki kwake. Vikundi vyengine vimepita njia fupi zaidi, vikaandika namba ya simu chini ya picha. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na mitandao mingine ikaiga, mtu wa mbali anaweza kumtia mwimbaji noti mkononi bila ya kuiona noti wala mkono. Kitu pekee kinachokosekana ni ule mwendo wa madaha.

Na wako wanaoishi kwa majukwaa. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kujikita Ngome Kongwe, limewapa wapigaji wa visiwani hadhira ambayo klabu zisingeweza kuileta peke yake, ingawa mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimefundisha vijana wengi udi, qanuni na fidla, nacho mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango kwa sababu hiyohiyo. Wahitimu wake wengi hupiga mahotelini. Mahotelini hulipa, hilo ni kweli, lakini mgeni anayekula pweza hajui ubeti unasema nini, na mwimbaji anayeimba kila usiku mbele ya watu wasiojua lugha huanza taratibu kuacha kuyatamka maneno. Mwaka 2020, wageni walipopotea kwa maradhi ya Korona, ikaonekana wazi ni nani aliyekuwa na watu wake mtaani na ni nani aliyekuwa na meza za hoteli tu.

Kwa hiyo mwimbaji ana pa kushika: usiku wake, mwaliko wake, namba yake ya simu. Mpiga fidla naye ana fidla yake. Hapana harusi itakayompata asipokwenda na asipolipwa. Nyimbo za bure haziwaui hawa. Aghalabu huwatangaza. Yule mzee wa gari ya Fuoni ndiye asiye na pa kushika, kwa sababu kazi yake ilikwisha siku alipokabidhi karatasi.

Lugha ina mzaha wake. Neno mtunzi limetoka katika kutunga, na halihusiani na kutunza ijapokuwa sikio huwadhania ni ndugu. Ndugu hao hawakuwahi kukutana ukumbini. Noti ikitolewa huenda kwa aliyesimama, na aliyeutunga mshororo uliomwinua yule mama hayupo jukwaani. Pengine yumo safu za nyuma anasikiliza, pengine yuko nyumbani amelala, pengine amefariki. Na mila yenyewe ilitaka awe amefichika. Mtu mwenye jambo moyoni alimwendea mtunzi kwa siri, akamweleza, mtunzi akalifunga jambo hilo ndani ya mafumbo, na klabu ikaliimba. Jina la mtunzi likitangazwa, watu wangeuliza ni nani aliyeonekana akiingia nyumbani kwake wiki iliyopita. Kufichika kwake kulikuwa amana. Jambo la heshima lililohifadhi siri za watu wa mtaa mmoja limegeuka, katika ulimwengu wa maghala ya intaneti, kuwa njia ya kumfuta mtu kabisa.

Ni ajabu pia kwamba ushairi wa Kiswahili haukuwa na woga wa majina. Watunzi wengi wa tenzi hujitaja katika beti za mwisho, wao na wazee wao na mji wao. Aliyepeleka shairi gazetini alitia jina lake chini na pale anapoishi. Ni wimbo tu uliotoka nje bila ya jina. Mombasa ilibahatika kidogo: nyimbo nyingi za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, zilitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, na kwa kuwa Ahmad Nassir alikuwa na diwani mkononi, Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, watu walijua maneno ni ya nani. Wangapi wengine walikuwa na diwani? Wimbo wa Malaika, unaojulikana kuliko wimbo wowote wa Kiswahili duniani, Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba, na Fadhili mwenyewe akafariki mwaka 2001 huku wengine wakidai kwamba si yeye aliyeutunga. Mabishano hayo hayajesha. Wimbo umezunguka dunia, na jina la mwenyewe bado liko mlangoni linagombaniwa.

Sheria, kwa upande wake, haimdhulumu mtunzi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003, iliyozaa COSOZA, zote zinamtambua. Hata maghala ya kigeni yanakubali kwamba wimbo mmoja una haki mbili, moja ya aliyeirekodi sauti, na nyengine ya aliyetunga maneno na lahani. Haki ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza kwa fedha, lakini ipo. Kikwazo ni kwamba fedha hizo hufuata jina lililoandikwa. Pasipo jina hazirudi kwa msikilizaji wala haziendi kwa masikini, hukaa. Mwaka 2021, huko Marekani, chombo kipya cha kukusanya haki za watunzi kilikabidhiwa na makampuni ya kusambaza muziki zaidi ya dola milioni 424 za miaka iliyopita, fedha ambazo makampuni hayo yalikuwa yameshindwa kuzilinganisha na wenyewe. Hiyo ni nchi moja, yenye mawakili kila kona. Ndani ya lundo kama hilo senti za mtunzi wa Ng'ambo, kama zimo, ni punje ya mchele; lakini mchele wa mtu ni wa mtu.

Wako watakaosema kwamba mshairi hatungi kwa ajili ya fedha. Kauli hiyo husemwa sana na watu wasiotunga. Hawamwambii mpiga qanuni kwamba nyuzi zinanunuliwa kwa mapenzi, wala hawamwambii mwenye vipaza sauti kwamba umeme ni sanaa. Mtunzi ndiye pekee anayetakiwa aishi kwa sifa, na sifa yenyewe hapewi.

Dawa yake haihitaji mitambo. Klabu za zamani zina madaftari ya nyimbo, mengine yameliwa na mchwa, na ndani yake mna majina. Mtu mmoja mwenye subira akikaa na daftari na wazee wawili wanaokumbuka, anaweza katika mwezi mmoja kuzirejesha nyimbo nyingi kwa wenyewe kabla ya wazee hao kuondoka. Mwimbaji anayeweka wimbo katika intaneti hulazimika kujaza jina lake, na papo hapo pana nafasi ya jina la mtunzi, ambayo aghalabu huachwa tupu kwa uvivu tu. Mshereheshaji wa harusi, anayeweza kutaja majina ya wajomba 30 bila ya kuchoka, anaweza kutaja la thelathini na moja. Na klabu inayogawa tunzo alfajiri inaweza kutenga fungu moja kwa ajili ya karatasi, kama inavyotenga la mpiga dumbaki. Ya hakimiliki yaliyo makubwa zaidi yatakuja baada ya hayo au hayatakuja, lakini bila ya hayo hayana pa kufikia.

Gari ilikuwa imeshapita njia panda wakati wimbo ulipokwisha, na kijana akauanzisha tena. Mzee akamgeukia.

"Mwanangu, hapo katika ubeti wa tatu wamekosea."

"Wapi hapo, babu?"

"Ngoja ufike." Wakangoja. Mwimbaji akaingia katika ubeti wa tatu kwa sauti tamu mno. "Umesikia? Amesema tamaa. Neno ni tama."

"Tama?"

"Kushika tama. Mtu ameweka shavu juu ya kiganja kwa huzuni. Hana tamaa ya kitu masikini ya Mungu, kila kitu kimeshaondoka. Tena hesabu mizani."

Kijana akaurudisha wimbo nyuma kidogo, akahesabu kwa kidole gumba juu ya ncha za vidole vyengine, akapata tisa mahali palipotakiwa nane. Mwimbaji alikuwa fundi, ameikunja silabi iliyozidi ndani ya lahani isionekane. Ila vidole havidanganyiki. Kijana akacheka, akahesabu tena.

"Wamejifunza kwenye kaseti mbovu," mzee alisema. "Miaka yote hii inaimbwa tamaa."

"Na wewe babu umejuaje?"

Mzee hakumjibu hapo. Aliuliza kwanza kiooni pameandikwa nini. Kijana akamsomea: taarab ya zamani, sehemu ya nne. Hapana jina la wimbo, hapana la klabu, na jina lililokuwapo ni la mtu aliyeuweka humo.

"Pana pahali pa kuandika?"

"Huku hapana. Lakini naweza kuandika kwangu, halafu nimpelekee huyu aliyeuweka."

"Haya andika. Kwanza andika tama."

Kijana akaandika. Kisha akainua uso kuuliza jina, na mzee akaanza kulitaja, lake, la baba yake na la babu yake, polepole, moja baada ya jengine, na pale alipozaliwa. Utingo akagonga bati, gari ikapunguza mwendo, mzee akaikamata fimbo yake na kuanza kuinuka, na kijana alikuwa bado yumo katika jina la pili.